Nguo Nyeusi ya Mama Yako

Malayer,
Ijumaa, 25 ya mwezi wa Esfand, mwaka wetu wa 1396.

Mpendwa mjukuu wangu Golnar,

Salamu nyingi kutoka nyumba hii ulimozaliwa. U mzima? Kaveh mumeo mzima? Baridi ya huko bado inakula vidole, au jua limekumbuka kwamba na nyinyi ni watu? Unapika, au bado unatafuna ile mikate mikavu kama vigae? Mimi magoti yananisumbua, lakini hiyo si habari mpya. Macho yanaona, na meno yangu manne yanafanya kazi ya thelathini. Mama yako ni mzima wa mwili. Shangazi yako Eshrat ni mzima pia, na mdomo wake ni mzima kuliko sisi sote.

Nakuandikia kwa sababu simu iko sebuleni na mama yako anasikia kila neno. Tena wewe nikianza kukugombeza unasema mtandao mbaya. Karatasi haina mtandao. Nilijifunza kuandika nikiwa na miaka arubaini na mitatu, kwenye darasa la msikitini, na mwandiko wangu mwalimu aliubandika ukutani. Kwa hiyo usiniambie hukuweza kusoma. Soma mpaka mwisho.

Mwaka mpya wa Nairuzi ni Jumanne jioni na nyumba haijamaliza kukung'utwa. Theluji bado iko kwenye paa upande wa kivuli, kwa hiyo mazulia hatukuyafulia juu, tumeyafulia uani na maji ya kuchemsha, mama yako akisugua, mimi nikiyakamua maji kwa ubao. Mapazia yameloweshwa. Birika kubwa la shaba nimelisugua kwa majivu na siki mpaka mikono inanuka kachumbari. Nyumba hii nimeikung'uta mara hamsini na nne, Golnar, na hakuna mtu aliyewahi kunionyesha jinsi ya kufanya kwa picha za simu.

Lakini wewe umemtumia mama yako picha. Mwanamke wa huko, nywele kama nyasi, anakunja soksi kama anakunja bendera, anasema vitu vyote vya nyumbani vigawanywe mafungu matatu, vya kuweka, vya kugawa na vya kutupa. Mama yako akaiangalia mara nyingi. Jumamosi nimetoka kununua mkate, narudi, nakuta mlango wa chumba cha baba yako uko wazi na mafungu matatu uani. Koti lake la kahawia, lile la shambani, lilikuwa kwenye fungu la kugawa.

Nililichukua nikalirudisha kwenye msumari wake. Mama yako akalitoa tena. Nikalirudisha. Mara ya tatu nilimwambia kwamba katika chumba hicho hakuna wa kukung'uta chochote maadamu mimi napumua, na kama anataka kukung'uta akakung'ute vumbi la kichwani kwake. Nilisema vibaya, najua, na silifuti hapa. Tangu siku hiyo tukawa tunazungumza kwa kupitia vitu. Mimi naweka ndoo kwa kishindo, yeye anafunga kabati kwa kishindo.

Jumatatu nilikwenda kufagia chumba cha mama yako, maana alikuwa amekwenda kwa mshona magodoro. Fagio likagonga sanduku chini ya kitanda. Sanduku la safari, jipya. Mimi si mwizi wala mpekuzi, lakini nyumba ni yangu na fagio ni langu. Nikafungua. Juu kulikuwa na nguo zake za baridi. Chini kulikuwa na visweta viwili vya sufu nyeupe, vidogo, hata mkono wangu haupiti kwenye shingo zake, na soksi ambazo ungedhani ni za paka.

Basi nikajua yote mawili kwa mara moja. Kwamba una mimba, na kwamba mama yako anakuja kwako.

Nililifunga nikalirudisha. Siku tatu sikusema. Nilisubiri aniambie yeye, halafu nikasubiri upige simu wewe. Ulipiga Jumatano ukaniuliza hali ya magoti. Magoti, Golnar. Una kitukuu changu tumboni unaniuliza magoti. Usiku na mchana najiuliza nimekuwa mtu gani, hata habari ya furaha ndani ya nyumba yangu ifichwe chini ya kitanda.

Sasa nikueleze kitu ambacho pengine huko umekisahau. Mjane hajivui nyeusi mwenyewe. Mkubwa wa upande wa mume ndiye humletea kitambaa cha rangi na hina, akamwambia imetosha. Wengine hufanya hivyo arubaini ikipita, wengine mwaka. Wewe arubaini hukuisubiri, uliwahi ndege. Baba yako leo ana miaka miwili na miezi mitano tangu moyo umwangushe kwenye mizabibu, na mimi sijaleta kitambaa. Watu wa mtaani wamenikonyeza, nikajifanya sioni. Mama yako angeweza kununua gauni jekundu akavaa akaenda zake, nani angemfunga kamba? Hakufanya. Amesubiri neno langu. Sanduku lake limejaa na bado amesubiri.

Kwa nini sikuleta? Nitakuambia wewe, na ukimwambia mtu mwingine nitakana. Mradi mama yako yuko kwenye nyeusi, Hushang wangu bado ana mtu humu ndani. Siku atakayoivua, mke wa Hushang hayupo tena, yupo Turan tu, na Turan ana haki ya kwenda anakotaka.

Jana ilikuwa Alhamisi ya mwisho ya mwaka, tukaenda makaburini kama watu wote. Tukaosha jiwe la baba yako, tukalimwagia maji ya waridi, tukagawa halua. Mama yako alikwenda kujaza mtungi bombani. Shangazi yako Eshrat, bila kuinua kichwa, akaniambia, "Mama, kaka tulishamzika. Huyu wa pili unamzika wewe peke yako, na bado anatembea."

Nikamwambia asugue upande wake wa jiwe. Akasugua. 

Tulipofika mjini niliwaambia watangulie nyumbani, nina shida ya ndimu. Soko lilikuwa limefurika, wauza samaki wa dhahabu wa Nairuzi wameziba njia. Mwenye duka la vitambaa alinitolea kahawia, nikamwambia kahawia akampe mama yake. Nikachagua kijani, kile cha majani ya mzabibu yanapochipua tu, mita nne, na pakiti ya hina. Rangi ile inamfaa. Nilijua inamfaa kwa sababu siku nilipokwenda kumposa alikuwa na shela ya rangi hiyo, na alimwaga chai kwenye sahani yangu kwa woga.

Leo asubuhi, baada ya chai, nilimwekea vile vitu magotini. Nikamwambia, "Imetosha, Turan." Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yalitoka hayo mawili.

Alikikunjua kitambaa, akakikunja tena, nikadhani hataki. Kisha akauliza, "Na wewe, Mama? Mkubwa wako ni nani akuletee wewe?"

Golnar, katika ukoo huu mkubwa wangu hakuna. Wote wako kule tulikokuwa jana. Sikuwa nimelifikiria jambo hilo hata siku moja. Nikamwambia nyeusi ya mama haivuliwi, na kwamba anishikie ngazi, mapazia hayajitundiki. Akanishikia. Alikuwa analia na ngazi inatikisika, nikamwambia ukiniua leo utavaa nyeusi upya. Akacheka. Sijamsikia akicheka tangu lini.

Sasa ninapoandika amekaa kwenye cherehani, anashona. Atavaa Jumanne mwaka unapogeuka. Chumba cha baba yako tumekifungua madirisha na tumekiosha mpaka dari. Koti nimelichukua mimi. Hilo msiniulize liko fungu gani.

Kuhusu sanduku bado hajui kwamba najua. Na mimi sitamwambia, utamwambia wewe, na nakuambia hivi. Mama yako sikumwokota njiani. Nilikwenda kwa watu wake na miguu yangu, na koni mbili za sukari ya posa, nikakaa chini nikamwomba kwa baba yake mbele ya wajomba. Walinikatalia mara ya kwanza, nikarudi. Leo unamchukua kwangu kwa tiketi inayoingia kwenye simu? Mtoto wangu haondoki nyumba hii hivyo. Njoo. Kama tumbo limekuwa zito, mtume Kaveh. Alete sukari, akae pale sebuleni, aniombe mama yako kwa mdomo wake. Nitamkatalia mara ya kwanza.

Nisalimie Kaveh, mwambie anyoe zile ndevu kabla hajafika. Nisalimie dada yake Mahin na watoto wake. Eshrat na mumewe Rahmat wanawasalimu. Mungu akulinde wewe na huyo aliye tumboni, akufungue salama, ampe macho ya baba yako.

Mimi bibi yako akupendaye, hata na ukali huu wote,

Saltanat