Rupia Moja ya Juu

Jumatatu, 6 Mei

Ada ya chekechea ya jumuiya imetoka. Rupia elfu thelathini na sita kwa mwaka! Mshahara wangu wa ukarani ni elfu kumi na nne kwa mwezi, na mume wangu Bhavik siku hizi kiwanda cha almasi kinamwita siku tatu tu kwa wiki. Mwanetu Dhyani asipoingia Juni, nafasi atapewa mwingine.

Kuna mfuko wa kusaidia ada. Kiasi unakitaja mwenyewe. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Jumatano, 8 Mei

Nimemwuliza Falguni ofisini. Akacheka: omba zote, mjinga wewe, anayeomba nusu hupewa robo. Bhavik anataka niombe elfu tano tu, tusionekane tumefilisika. Nyingine tutachuma mtini? Lakini nikiomba zote, kamati itasema mbona wana pikipiki. Nimeandika, nimefuta. Thelathini? Kumi na nane?

Ishirini na moja. Zinazobaki tutajibana.

Ijumaa, 10 Mei

Nimepeleka. Jumuiya yetu inasitiri watu — hakuna fomu. Wanaotoa na wanaoomba hutia bahasha katika sanduku moja pale ukumbini, ndani jina na kiasi, basi. Anayekutazama hajui umekuja kwa lipi. Nilikagua mara tatu.

Jumapili, 12 Mei

Mungu wangu.

Mkutanoni leo Rasikbhai, katibu wa mfuko, alisoma majina ya wafadhili wa chekechea. La nne — langu! Jigishaben, mke wa Bhavik, elfu ishirini na moja na rupia moja. Makofi! Mama mkwe alitokwa na machozi ya furaha. Nyuma yangu mtu akanong'ona: kumbe karani anazo, na sari ile ile kila harusi!

Ile rupia moja. Niliiongeza kwa mazoea. Zawadi ya harusi, sadaka ya hekaluni, hatuishii kwenye sifuri, ni nuksi. Lakini anayeongeza moja ni anayetoa! Anayeomba huishia kwenye sifuri, na ndivyo kamati inavyotenganisha bahasha. Kila mtu anajua. Hata mimi nilijua!

Nilitaka kusimama niseme. Jina la tano likasomwa.

Jumatatu, 13 Mei

Sikwenda kazini. Asubuhi nimemweleza mama mkwe yote. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Saa kumi hii Rasikbhai amekuja mwenyewe, na kitabu cha stakabadhi, kuchukua pesa. Naandika nimesimama jikoni. Namsikia sebuleni anamtania Bhavik: bwana wee, umeoa mgodi halafu unatulilia hali! Bhavik anacheka, kicheko kikavu.

Nitatoka. Nitasema: kaka yangu, lile lilikuwa ombi. Maneno machache tu.

Mama ameingia. Amezivua bangili zake mbili za dhahabu kwa sabuni, kaziweka juu ya daftari hili, bado zina povu.

"Mwambie pesa kesho. Jina limeshasomwa, binti yangu."

"Na ada ya Dhyani, Mama?"

Kageukia chai.

"Jigishaben!" Rasikbhai anaita. "Njoo utie sahihi!"

Dhyani amenitangulia. Anamwambia mgeni kwamba yeye mwezi ujao anaanza shule, na chupa ya maji anayo.

"Nani wa kukuzuia?" Rasikbhai anacheka. "Shule yenyewe si ya mama yako!"

Wananingoja mimi —