Fungu Lako la Nyama, Magesa

Magesa, mume wangu mdogo,

Nani alikutuma kutangulia? Zamu ilikuwa ya bibi yako. Umenipita bila hata kuniomba njia. Huna adabu.

Juzi tumemaliza tanga lako hapa Butiama. Wamechinja lile dume jekundu lililokuwaga linakulamba kichwa. Hata diwani aliyekushinda kwenye kura alikuja, na kulia amelia. Baba yako mdogo akagawa nyama kwenye majani ya mgomba, kila nyumba na fungu lake. Kwa mazoea akaita, "La Magesa!" Kisu kikamtoka mkononi. Hakuna aliyeligusa fungu hilo. Nzi wakaanza kutua.

Nikakumbuka ulivyokuwaga unahubiri jikoni kwangu, mdomo umejaa ugali. "Bibi, tukichinja, nyumba kubwa inabeba nyingi, ya mjane inabeba kidogo, lakini hakuna anayerudi mikono mitupu. Mbona kwenye kura aliyezidi kidogo anabeba ng'ombe mzima mpaka kwato? Viti vya bunge vigawanywe kulingana na kura, na chama kidogo kipate fungu lake." Nikakwambia, meza kwanza. Ukacheka mpaka mchuzi ukakutoka puani.

Kicheko hicho, Magesa. Nikisonga ugali nakisikia. Nageuka... hakuna mtu. Na mpaka leo napika wa watu wawili.

Wenzako wa chama walikaa pembeni, karibu na zizi, wachache kama meno yangu. Wakanirudishia bendera yako. Wanaacha, eti bila wewe nani atazunguka Bunda na Musoma kudai sheria ibadilishwe. Nikainuka na magoti yangu haya mabovu. Nikalibeba fungu lako, nikawawekea mapajani.

"Chomeni, mle! Nyumba ya watu wachache siyo nyumba? Pikipiki ilimwangusha akienda Kibara kwenye mkutano, na huo mkutano haujafanyika. Nyie mmevunjika miguu?"

Walikula, Magesa. Walikula huku machozi yanadondokea nyama. Jumamosi tunakwenda Kibara, na mimi nimo. Sijui sheria. Kugawa nyama najua, na hilo nitalisema.

Bendera nimeifunga mlangoni kwangu. Nakuahidi, kura yangu ni ya chama chako, hata nikibaki peke yangu, na fungu letu nitalidai mpaka wachoke kuniona.

Lala sasa. Na usije ukaoa huko. Mke wako nipo njiani.

Bibi yako