Cleophace anaamini nilimkimbia korongoni

Jovi uko wapi?? Pokea simu basi

Cleophace kavunjika mguu. Kwenye lile korongo la msituni juu ya Ihembe, tunakofanyia mazoezi ya mbio za usaili wa jeshi. Mawe ya kando ya kijito yanateleza, kaanguka mpaka majini. Mguu umepinda mwanangu.

Mimi nikatimka kupanda juu nitafute watu. Kumbe nyuma yeye alipiga yowe, watu wa juu wakalisikia.

Sasa fikiria. Msimu wa kahawa huu, wizi kila siku. Watu wanashuka na mapanga, wanakutana na mimi natoka msituni mbio, tope mpaka usoni. "Mwizi huyo! Kamata!" Nimekula fimbo mbili ndo mama mmoja akasema, "Huyu si mtoto wa Melkiory?"

Nikasema nafuata msaada. Yule mama akanijia juu: "Msaada unafuatwa? Unakaa na mwenzako unapiga yowe, sisi tunakuja. Shule imekufundisha kukimbia tu?"

Kukimbia tu!

Tukashuka tukambeba Cleophace kwa machela, mimi mbele. Namwita, anageuzia uso pembeni. Kufika barabarani ndo akasema, "Nilikuita, ukazidi kukimbia."

Ukazidi kukimbia. Kasema hivyo mbele ya watu wote.

Sikumsikia Jovi, naapa. Maji yalikuwa na kelele.

Niko nje ya wodi, kakataa nisiingie. Wewe anakusikiliza, njoo umwambie. Mama yake yuko njiani na sijui kaambiwa nini.