Nyumba Tupu za Funza wa Mto

Jumatatu, 1 Oktoba 1956. Mufindi
Hesabu ya mwezi. Mtoni juu ya vinyungu, mashamba ya bondeni, mawe kumi: funza 64, kila mmoja ndani ya kijumba chake cha mchanga na vipande vya majani. Chini ya vinyungu, mawe kumi: funza 9, vijumba vitupu 51.
Bwana Pringle, katibu wa klabu ya wavuvi, ndoano zake za manyoya huiga mdudu huyu. Ndiye chakula cha trauti, samaki wanaowavua. Akiisha, trauti kwisha. Analaumu matope ya vinyungu; hesabu yangu ikimuunga mkono, ataomba kibali cha kuving'oa.
Shangazi Rozalia alikuwa kinyunguni, anapalilia maharage. "Kamwene, Bwana Funza! Darasa la kumi lote lile, ili ugeuze mawe?" Wenzake wakacheka. Nami nikacheka. Sikumwambia naandika nini.

Jumanne, 2 Oktoba
Nimemwandikia Bwana Pringle: "Chini ya vinyungu funza wamekufa." Barua imekwenda Iringa kwa lori la Selemani.

Alhamisi, 4 Oktoba
Mjinga mimi!
Saa kumi na moja jioni, chini ya vinyungu, nondo wadogo wa kahawia wakaanza kutoka majini. Mamia! Trauti wanaruka kuwadaka. Nikageuza mawe: vijumba vimetobolewa kwa ndani. Pale hakuna miti, jua linapiga, maji ni vuguvugu — wamewahi kukomaa. Juu, kivulini, bado. Hawakufa. Wamehama! Nimehesabu milango iliyo wazi kama makaburi.
Shangazi akasema hutoka kila mwaka maharage yakitoa maua. "Si ungeuliza?"
Nikamwambia habari ya barua. Maharage yale ndiyo chakula chake mpaka mahindi ya Machi. Akarudi kupalilia. Hakunitazama tena.

Ijumaa, 5 Oktoba
Barua ya pili tayari. Selemani hasafiri Ijumaa.

Jumamosi, 6 Oktoba
Bwana Pringle amefika na kibali, na vibarua wawili wenye majembe. Nimemsihi. Amenipa mpaka saa kumi na moja na nusu: awaone nondo kwa macho yake, la sivyo maharage yang'olewe.
Saa kumi na robo. Mawingu. Wanawake wamekaa kwenye matuta.
Saa kumi na moja. Maji hayatikisiki. Shangazi amekuja kuketi kando yangu. Namuuliza kama hutoka siku ya mawingu. Anasema wakati mwingine.
Na dakika kumi. Bwana anafunga mkoba wake.
Na dakika ishirini. Nondo mmoja ametua kwenye ukurasa huu, mbawa bado mbichi. Shangazi amenishika mkono nisiandike, nisimwogopeshe. Mmoja tu —