Vineno vya Kupunguzia Nguo

4 Machi

Mwanangu kipenzi,

Natumai kile kikohozi kimekuaga na unakula vizuri. Mimi ni mzima, ukiacha magoti, ambayo hayakuipenda safari.

Kazi nimeanza. Duka ni chumba kimoja kirefu: cherehani tatu dirishani, meza ya kukatia katikati, na pazia kule nyuma ambako wateja hujaribia nguo. Hapa hatushoni nguo mpya. Watu huleta walizonunua kwingine tuziweke sawa na miili yao. Bosi, mama mmoja mrefu mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, amenipa miezi mitatu ya majaribio. Baada ya hapo ataamua.

Kazi ya mkono hainishindi, unanijua. Kinachonitoa jasho ni Kiingereza chao. Maneno makubwa nayaelewa. Vile vidogo ndivyo vinavyonitesa. "Take" tulifundishwa ni kuchukua. Hapa mtu akisema "take off" hachukui chochote, anavua koti. Juzi Bosi aliniambia "take out the lining". Nikalichukua koti pamoja na bitana yake, nikatoka nalo mpaka barabarani, nikasimama pale kungoja maelekezo zaidi. Alinifuata akanishika mkono kama mtoto aliyepotea sokoni. Kumbe alitaka nifumue bitana.

Wewe ndiye mwalimu wa Kiingereza katika nyumba yetu. Nifundishe kabla sijafika mtoni na nguo za watu.

Mama yako

*

19 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kikohozi kimekwisha, nyumba iko salama, na jirani kila siku anauliza kama umefika kweli au umejificha kwa dada yako.

Safari yako ya barabarani imenichekesha katika ofisi ya walimu mpaka wenzangu wakadhani nimepandishwa cheo. Sasa sikiliza. Sisi tukitaka kuondoa jambo tunageuza mkia wa kitenzi: unaziba, unazibua, unakunja, unakunjua. Wao kitenzi wanakiacha kama kilivyo, wanakifungia kineno nyuma, na hicho kineno ndicho kinachofanya kazi yote.

Shika kanuni ninayowapa wanafunzi wangu. Ukisikia "off", "out", "away" au "down", ujue kitu kinaondoka au kinapungua. "Cut off", kata kitoke kabisa. "Cut down", punguza. "Throw away", tupa. Ukisikia "in", kitu kinaingia ndani. Ukisikia "up", kinaongezeka. Kanuni hii haijawahi kuniangusha darasani.

Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke. Sikujua kwamba mlio wa cherehani yako ndio uliokuwa ukinibembeleza kulala.

Binti yako

*

27 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, na nashukuru kwa somo, ingawa baada ya kusoma barua hii utajua kwa nini shukrani zangu ni za nusu kikombe.

Wiki za kwanza kanuni yako ilinibeba. Nilikata nyuzi, nilitoa vifungo, nilitupa vipande, kila kineno mahali pake. Kisha akaja mpiga tarumbeta. Ni mtu mfupi, kifua kama pipa. Bendi yao imepewa sare mpya, zote za kipimo kimoja, kana kwamba wanamuziki huzaliwa kiwandani. Bosi alikuwa ametoka. Mpiga tarumbeta akaniomba "take up" suruali na "take in" koti, akaenda zake.

Niliona suruali tayari ni ndefu. Lakini mteja ndiye mvaaji, na mwanangu amesema "up" ni kuongeza. Nikafumua pindo, nikaishusha mpaka kitambaa kilipoishia. Koti nikaliingiza ndani, nikalitundika vizuri mbali na vumbi.

Alikuja kulichukua vazi lake, onyesho likiwa kesho yake. Alipotoka nyuma ya pazia, suruali ilikuwa inapiga deki. Bosi akanitazama. Yule bwana akajitazama kwenye kioo, kisha akaja mbele yangu. Akashika kitambaa cha mguu akakivuta juu. "Up," akasema. Akabana koti kiunoni kwa vidole viwili. "In." Hakuwa na hasira.

Hapo nikafunguka macho. Pindo likienda juu, suruali inafupika. Kitambaa kikiingia ndani ya mshono, koti linapungua. Hivyo vineno ulivyoniambia vinaongeza na kuingiza, kwa fundi nguo ndivyo vinavyopunguza!

Nilimwekea pini palepale, nikashona huku yeye amekaa nyuma ya pazia na soksi, akifanya mazoezi ya tarumbeta. Aliondoka anapendeza. Lakini tangu siku ile Bosi hunipa vifungo tu, na majaribio yanaelekea mwisho.

Mama yako wa vifungo

*

13 Mei

Mama,

Shikamoo, na unisamehe. Kanuni nimeifuta ubaoni mbele ya darasa zima. Niliwasimulia kisa cha suruali bila kusema fundi ni nani, lakini binti mmoja wa dawati la mbele akaniomba nikusalimie.

Nilizoea vineno hivi vitabuni, sikuwahi kuvikuta vimevaa suruali. Nimepekua kamusi, na kuna kingine: "let out" kwa fundi ni kupanua, ingawa nilikuambia "out" huondoa. Kwa hiyo achana na kanuni. Mteja akisema neno, mwambie akuonyeshe kwa mkono, kisha weka pini mbele ya macho yake kabla hajaondoka.

Na vifungo visikuvunje moyo. Aliyekuona ukishona suruali ile mtu akiwa anasubiri na soksi hawezi kukuacha kwenye vifungo milele.

Binti yako

*

2 Juni

Mwanangu,

Natumai u mzima. Mimi mwili ni mzima.

Ushauri wako wa pini ulinifaa sana, lakini umechelewa. Leo Bosi aliniita kwenye meza ya kukatia, akafunga mlango. Alisema mengi, tena kwa kasi, na mwisho akasema, "So I am going to take you on."

Hiyo "take" sasa naijua tabia yake. Off, out, in, up: kila ilipopita, kitu kimetoka au kimepungua. Safari hii kinachotoka ni mimi. Alikuwa anatabasamu, nadhani ndivyo watu waungwana wanavyofukuza. Nilimshukuru, maana hakunifokea.

Narudi nyumbani. Mshahara wa mwisho wa mwezi ukitoka, napanda basi. Jirani usimwambie kwanza.

Mama yako

*

Simu ya maandishi, 14 Juni

MAMA USIFUNGE SANDUKU. TAKE ON NI KUAJIRI. UMEPATA KAZI. BARUA YAJA.

*

15 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naomba simu iwe imekuwahi.

Barua yako nilipoifungua, macho yaliona "narudi nyumbani" tu. Nikafagia chumba chako, nikatandika kitanda kwa shuka jipya, nikatia mafuta cherehani. Niliimba, Mama, na unaijua sauti yangu. Ndipo nikakaa kuisoma tena pole pole, nikaufikia ule mstari wa Bosi.

Nitakuambia ukweli. Nilijisemea nikinyamaza, mwisho wa mwezi utakuwa hapa, na hakuna atakayejua. Chai ikapoa mkononi. Kisha nikakumbuka barua ya suruali. Hata ulipoharibu ulikuwa unaandika kama mtu aliyechangamka, na hapa nyumbani sijakuona hivyo tangu Baba atutoke. Nikavaa viatu nikaenda posta.

Kaa, Mama. Fanya kazi yako.

Binti yako

*

28 Juni

Mwanangu, jicho langu,

Mimi sijambo sana, hata magoti yameacha kulalamika.

Simu yako ilinikuta dukani nikivingirisha mkasi wangu kwenye kitambaa, nikijiandaa mapema kwa safari. Bosi aliyaona yale maneno mawili anayoyajua katikati ya Kiswahili chote, akataka kuelezwa. Nilipomaliza kumweleza kwa mdomo na mikono, ilibidi akalie meza ya kukatia. Alisema alikuwa akijiuliza kwa nini nawaaga wateja. Kumbe bendi nzima imeleta suruali, na kila mmoja anamtaka yule mama wa pini.

Jana, barua yako ikiwa imeshafika na iko mfukoni mwangu, akatoa mkataba. Miaka miwili. Nikakiona kitanda ulichokitandika, na shuka lake jipya.

Wateja hapa wakitaka bei ishuke husema "knock off". Mwanzoni nilidhani wanabisha hodi. Basi nikamwambia, "Please, knock off one year."

Akachukua kalamu, akakata miwili, akaandika mmoja. Akaniuliza, na baada ya huo mwaka?

"Then my daughter," nikasema.

Kiingereza hicho hakukisahihisha.

Mama yako