Ile Sentensi Niliifuta Mimi, Baba Watoto

Umetimia mwaka mmoja, Baba Watoto, tangu Jumanne ile ulipoaga kwenda kazini, ukarudi ndani kuchukua kofia, ukasema ngoja nikae kidogo nipumue, na hukuinuka tena. Mungu alikuita ukiwa umevaa sare ya kazi, kalamu mfukoni. Tunamshukuru kwa miaka thelathini na mmoja aliyotupa nawe.

Mtaa mzima ulikuita Mita. Ulipita nyumba kwa nyumba kusoma mita za maji, ukipiga magoti kwenye matope, ukifuta kioo cha mita kwa kidole gumba. Watu walikubembeleza. "Mita, andika kidogo basi, sisi mwezi huu hatukuwepo." Hukumkaripia mtu. Ulikuwa unasema, "Mama, njoo tuiname wote, tusome wote." Mkishainama wawili, maneno yanaisha.

Viatu vyako ulivilaza mlangoni, soli juu, vikauke. Hadi leo mjukuu wetu wa kwanza anavilaza vyake hivyohivyo, na hakuna aliyemfundisha.

Wengi hawakuijua kazi yako ya pili, maana haikuwa na mshahara wala ofisi. Jioni ukishaoga na kusali, ulikaa mezani karibu na dirisha, na ile kompyuta uliyoifunga bawaba kwa waya. Ulikuwa unaandika kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile inayojengwa na watu wa kujitolea, ambayo mtu yeyote anaweza kuongeza habari na mwingine akaja kuisahihisha. Ulianza na kurasa za visima na mabomba, na huko pia ulijiita Mita. Baadaye wenzako wakakuchagua uwe mkabidhi, yaani mmoja wa wanaoshika funguo. Watu wakigombana juu ya ukurasa, mkabidhi anaufunga, anawasuluhisha, kisha anaufungua.

Na waligombana kweli. Mimi nachambua mchele, wewe unanisomea. Nakumbuka wawili, mmoja akijiita Sindano na mwingine Profesa, walivyovutana wiki mbili juu ya mwaka ilipoanzishwa timu moja ya mpira. Huyu anaandika, yule anafuta. Sindano akamwambia mwenzake, "Wewe chanzo chako ni babu yako." Profesa akajibu, "Afadhali babu yangu, wewe chanzo chako ni hasira." Nilicheka mpaka nikamwaga mchele.

Wewe uliufunga ukurasa siku tatu. Ukawaambia kila mmoja aandike hoja ya mwenzake, aiandike vizuri, mpaka mwenye hoja akiri kwamba ndiyo, hicho ndicho ninachosema. Akishakiri, ndipo aliyeiandika aandike ya kwake. Siku ya pili ikaonekana timu ile ilivunjika ikaanzishwa upya, na kila mmoja alikuwa ameshika mwaka wake. Ikaandikwa miaka yote miwili. Binti zetu nao uliwafanyia vivyo hivyo wakigombania chumba, wakakuchukia kwa nusu saa.

Ulishika masharti ya kule kama unavyoshika sala. Kila habari iwe na chanzo, usimtukane mwenzako. Lakini sharti ulilolirudia kuliko yote ni kwamba mtu asiguse ukurasa unaomhusu yeye au ndugu yake.

Hilo ndilo nataka kulisema leo. Kwenye msiba wako nilisikia kwa masikio yangu watu wakinong'ona kwamba Mita alinyang'anywa funguo kule kwa sababu alimpendelea shemeji yake. Nilikuwa nimekaa palepale. Nikanyamaza.

Kaka yangu ana shule. Kwenye ukurasa wa shule ile palikuwa na sentensi moja, kwamba mwaka fulani matokeo ya darasa la mwisho yalifutwa kwa udanganyifu, na chini yake gazeti lililoandika habari hiyo. Kaka akaja nyumbani Jumapili, hata chai hakugusa.

"Shemeji, si wewe ndiye mwenye kiti kule? Futa tu hiyo kitu."

"Kule sina kiti, shemeji. Nina ufagio tu, tena wa zamu."

"Basi fagia."

"Siwezi kufagia uani kwako. Kama ni uongo, nipe karatasi inayosema hivyo, nitawapelekea wenzangu. Wataangalia wao."

"Karatasi ya nini? Mimi si nipo hapa nakwambia?"

"Habari yenyewe inakuhusu wewe, shemeji. Utakuwaje shahidi?"

Aliondoka hajamaliza kukaa. Wewe ukaandika kwenye ukurasa wa majadiliano, ukanisomea: "Mwenye shule hii ni shemeji yangu. Mimi sitaugusa ukurasa huu. Naomba wengine waamue." Wakaamua sentensi ibaki, kwa kuwa ni kweli na chanzo kipo.

Kuanzia hapo kaka hakunisalimia. Kwenye ibada alikuwa anapita karibu yangu kama anapita nguzo. Mama yetu alikuwa kitandani anaumwa, anauliza kila siku mbona hamji pamoja. Niliomba Mungu atupatanishe. Halafu, badala ya kumngoja, nikajitafutia njia yangu.

Ulikuwa umenipa nenosiri lako, nikuangalizie ujumbe ukiwa kazini. Jumatano moja mchana nikafungua, nikautafuta ukurasa wa shule, nikaifuta ile sentensi. Nilidhani ni kama kufuta ubao. Sikujua kwamba kule kila kitu kinabaki kwenye historia ya ukurasa: neno lililokuwepo, dakika lilipotolewa, na akaunti iliyolitoa. Haikupita robo saa, Sindano akawa ameshaona.

Uliporudi, ulisoma ujumbe wake umesimama, begi bado begani.

"Mama Watoto, umeingia kule leo?"

Nikakuambia ndiyo. Nilitegemea utapaza sauti. Ulivua kofia ukaiweka mezani, ukakaa.

"Waambie ni mimi," nikasema.

"Nikisema ni wewe, jina lako litakaa kule na halitatoka. Na nenosiri nilikupa mimi. Hata hilo haliruhusiwi."

Ukawaandikia maneno machache: "Badiliko hili limetoka kwenye akaunti yangu. Ninalibeba. Naomba mwingine airudishe sentensi, maana mimi siruhusiwi kuugusa ukurasa." Hukusema uongo hata nusu neno. Aliyenyamaza ni mimi.

Walipiga kura siku saba, tisa kwa wawili. Ukavuliwa ukabidhi. Profesa, uliyewahi kumpatanisha na Sindano, akaandika, "Hata wewe, Mita?" Hilo ndilo lililokuuma, nilikuona. Lakini jioni iliyofuata ulikaa palepale dirishani, mhariri wa kawaida kama mtu aliyejiunga jana, ukaendelea kurekebisha tarehe na kuongeza vyanzo. Miezi minane hukulitaja tena, si kwangu wala kwa kaka. Mimi niliungama kwa Mungu kila siku, huku nikijua vizuri kwamba si Mungu aliyekuwa anakudhania vibaya.

Mwezi uliopita nilimwomba binti yetu mdogo anifungulie akaunti yangu mwenyewe. Mimi ni wa darasa la saba, wewe wajua ninavyotafuta herufi moja moja. Nilianza baada ya chakula cha mchana, nikamaliza jua linazama. Niliandika: "Mimi ni mjane wa Mita. Sentensi ya shule niliifuta mimi, kwa akaunti yake, yeye akiwa kazini. Alinisitiri. Naomba msimhesabie kosa hilo."

Sindano akajibu kwanza. "Mama, unaelewa kwamba maneno haya ukishayaweka hapa yanabaki?"

"Naelewa, mwanangu. Ndiyo maana nimeyaweka."

Walijadiliana siku nne, kwa adabu. Wameandika kando ya ile kura kwamba aliyefuta si wewe. Kosa la kunipa nenosiri wameliacha kwako, na najua ungetaka liachwe. Sindano akaongeza: "Nilipiga kura aondolewe. Kwa tuliyoyajua siku ile, ningepiga tena. Sasa tunajua zaidi." Siku mbili baadaye Profesa akaandika, "Nisamehe, Mita." Ile sentensi ya shule ipo, haijaguswa.

Lakini walionong'ona msibani hawasomi kule. Kwa hiyo nimelileta gazetini. Kabla ya kulileta nilikwenda kwa kaka, nikamsomea yote.

"Sasa unaniaibisha mbele ya watu?" akasema.

"Jina la shule yako sijalitaja. Ninayejitaja ni mimi."

Akaichukua karatasi, akaisoma mwenyewe. "Alijua ni wewe, na akabeba?"

"Alibeba."

"Na mimi nilimnunia miezi yote ile, eti hajanisaidia." Akanigeuzia mgongo, akatazama nje. "Umeshaandika majina ya wafiwa?"

"Bado la mwisho."

"Niandike."

Unakumbukwa na mimi mkeo. Binti zako, muuguzi na fundi cherehani. Mwanao dereva na mkewe. Wajukuu zako watano. Dada yako mkubwa. Wasoma mita wenzako. Wahariri wenzako wa kamusi, pamoja na Sindano na Profesa. Mama mkwe wako, ambaye sasa anatuona tukija pamoja. Na shemeji yako, mwenye shule, aliyeomba mwenyewe.

Pumzika kwa amani ya Mungu. Tutakukumbuka siku zote atakazotujalia.