Shati Ulilolivua Siku ya Safari

Mume wangu kipenzi, pumzi yangu,

Kuhamia jirani na mama yako ni raha tupu! Chumvi ikiniishia, namwita tu dirishani. Tatizo, anaingia bila hodi na kufua kila anachokiona. Jana kafua lile shati ulilolivua siku ya safari, ambalo huwa nalilalia ninuse harufu yako. Nikaangua kilio.

"Unalilia uchafu, mwanangu?" akashangaa.

Nikamweleza kwa aibu. Akanivuta mpaka chumbani kwake, akatoa kabatini kofia yako ya shule.

"Tangu aende bweni sijaifua. Tutalala nayo kwa zamu."

Rudi upesi, mpenzi. Leo ni zamu yangu, naye kajifungia ndani.

Mkeo akupendaye, asiye na shati wala kofia